Kolesteroli: Usiyaogope mafuta katika maziwa ya mtoto mchanga

NENO kolesteroli limeingia katika kila nyumba mjini. Ukienda dukani kununua mafuta ya kupikia, utalisoma kwenye chupa ukiambiwa kwamba mafuta hayo hayana kolesteroli. Ukienda kupimwa shinikizo la damu, daktari atakuuliza kama umewahi kupima mafuta katika damu. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi wanauliza swali hilo hilo juu ya watoto wao wachanga. Je, maziwa ya mkebe yana mafuta ya aina gani? Hayatamletea mtoto ugonjwa wa moyo atakapokuwa mtu mzima? Si afadhali kumtafutia maziwa yaliyopunguzwa mafuta?

Msomaji, jibu fupi ni hili. Ni kweli kwamba mafuta yaliyomo katika maziwa ya mkebe hubadilisha kiwango cha kolesteroli katika damu ya mtoto. Lakini mara nyingi hukishusha, kikawa chini ya kile cha mtoto anayenyonya titi la mama. Na kushuka huko si jambo la kujivunia. Mtoto mchanga si mtu mzima aliyefanywa mdogo. Mafuta ambayo daktari anamkataza baba yake ndiyo yanayomjenga yeye ubongo. Mzazi asiyejua tofauti hii anaweza kumnyima mtoto chakula huku akidhani anamlinda.

Mafuta katika maziwa ya mama

Tuanze na maziwa ya mama, kwa sababu hayo ndiyo kipimo ambacho maziwa mengine yote hulinganishwa nacho. Katika kila mililita 100 za maziwa ya mama mna karibu gramu nne za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayompa mtoto karibu nusu ya nguvu zote anazozihitaji. Nusu nyingine hutoka katika sukari ya maziwa na protini.

Mchukue mtoto wa kilo tano anayenyonya mililita 750 kwa siku. Mtoto huyo anapata karibu gramu 30 za mafuta, yaani vijiko sita au saba vya chai. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini kama mtu mzima wa kilo 70 angekula mafuta kwa kipimo hicho, kulingana na uzito wake, angelazimika kunywa karibu nusu lita ya mafuta ya kupikia kila siku!

Kolesteroli nayo imo. Maziwa ya mama yana kati ya miligramu 10 na 20 za kolesteroli katika kila mililita 100. Kwa hesabu ile ile ya uzito, ni kama mtu mzima kula viini vya mayai matano hadi kumi kila siku. Hakuna daktari anayeweza kumshauri mgonjwa wake ale hivyo. Hata hivyo maumbile yameona inafaa kumpa mtoto chakula hicho, tena katika miezi ambayo hali kitu kingine.

Sababu yake ni ukuaji. Mtoto huzaliwa akiwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400. Afikapo mwaka mmoja, ubongo huo umezidi mara mbili. Ukiondoa maji, sehemu kubwa ya ubongo ni mafuta, na kolesteroli ni miongoni mwa vitu vinavyounda ala inayofunika mishipa ya fahamu, kama vile plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kila seli ya mwili ina kolesteroli katika ukuta wake. Mwili huitumia pia kutengenezea nyongo, vitamini D na homoni kadhaa. Kolesteroli si sumu. Huwa hatari inapozidi katika damu kwa miaka mingi na kuganda ndani ya kuta za mishipa.

Damu ya mtoto anapozaliwa

Mtoto huzaliwa akiwa na kolesteroli kidogo sana katika damu. Ukipima damu iliyo katika kitovu chake utapata karibu milimoli 1.7 kwa lita. Kwa mtu mzima, madaktari wengi huridhika na kiwango kilicho chini ya milimoli 5.2. Kwa hiyo mtoto huanza maisha na theluthi moja tu ya kiwango hicho.

Siku chache baada ya kuanza kunyonya, kiwango hicho hupanda upesi. Tumboni mwa mama, chakula chake kikuu kilikuwa sukari iliyopitia kwenye kondo la nyuma. Sasa amepewa chakula ambacho nusu ya nguvu zake ni mafuta. Ini lake, ambalo halikuwa na kazi kubwa ya namna hiyo, linaanza kupokea mafuta, kuyafunga katika vifurushi vidogo vidogo na kuyasafirisha katika damu hadi yanakohitajika. Vifurushi vya aina moja huitwa LDL, navyo hupeleka kolesteroli kwenye seli. Vya aina nyingine huitwa HDL, navyo huirudisha kwenye ini. Yako pia mafuta yanayoitwa trigliseridi, ambayo hupanda kila baada ya mtoto kunyonya na kushuka tena. Ndiyo maana damu ya mtoto aliyetoka kunyonya huweza kuonekana na weupe kama imechanganywa na maziwa. Mzazi asishtuke.

Kuanzia hapo, kiwango cha kolesteroli kitategemea sana kilichomo katika maziwa anayopewa. Hapa ndipo mtoto wa titi na mtoto wa chupa huachana njia.

Mafuta ya mkebe hutoka wapi?

Maziwa mengi ya mkebe hutengenezwa kutokana na maziwa ya ng'ombe. Lakini mafuta ya ng'ombe kwa kawaida huondolewa, yote au sehemu yake, na mahali pake kutiwa mafuta ya mimea. Wazo hili si la jana. Mwaka 1915 daktari wa watoto Henry Gerstenberger wa Cleveland, Marekani, pamoja na wenzake, walieleza maziwa waliyokuwa wameyatengeneza kwa kuondoa mafuta ya ng'ombe na kutia mchanganyiko mwingine wa mafuta, ili yakaribiane na maziwa ya mama. Mafuta ya ng'ombe yalikuwa yakiwasumbua watoto, kwa maana tumbo la mtoto mchanga haliyasagi vizuri. Isitoshe, yana upungufu wa asidi ya linoleiki, mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe na ambayo mtoto akiyakosa ngozi yake huharibika na kukua kwake huzorota.

Leo ukisoma nyuma ya mkebe utaona majina ya mafuta ya mawese, soya, alizeti, nazi, mahindi au kanola. Hakuna mmea mmoja unaotoa mafuta yanayolingana na ya mama, kwa hiyo watengenezaji huchanganya. Kila moja ya mafuta hayo lina tabia yake katika damu.

Mafuta ya soya, mahindi na alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Haya hushusha kolesteroli. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki na ya miristiki, nayo huipandisha. Mafuta ya mawese yana asidi ya palmitiki, ambayo pia hupatikana kwa wingi katika maziwa ya mama, karibu robo ya mafuta yote. Kanuni za kimataifa za chakula, zijulikanazo kama Codex, zimeweka mipaka. Kila kilokalori 100 za maziwa ya mkebe lazima ziwe na mafuta kati ya gramu 4.4 na 6.0. Asidi ya linoleiki isipungue miligramu 300. Lauriki na miristiki kwa pamoja zisizidi asilimia 20 ya mafuta yote. Mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni hayaruhusiwi kabisa.

Lakini kuna kitu ambacho mafuta ya mimea hayana, nacho ni kolesteroli. Kwa hiyo maziwa ya mkebe yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea pekee huwa na kolesteroli kidogo mno yakilinganishwa na maziwa ya mama. Mtoto anayeyanywa hupata kolesteroli kidogo na asidi ya linoleiki nyingi. Mambo haya mawili kwa pamoja hushusha kiwango katika damu.

Watafiti wamegundua nini?

Mwaka 2002 Christopher Owen na wenzake wa London walikusanya pamoja tafiti nyingi zilizopima kolesteroli kwa watu walionyonya titi na waliolishwa chupa. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, watoto wa titi walikuwa na kolesteroli zaidi ya wale wa chupa, kwa wastani wa milimoli 0.64 kwa lita. Hiyo ni tofauti kubwa kwa mtoto. Walipofika umri wa kwenda shule na wa ujana, tofauti hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini kwa watu wazima mambo yaligeuka. Wale walionyonya titi wakiwa wachanga ndio waliokuwa na kolesteroli kidogo zaidi, ingawa kwa milimoli 0.18 tu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu moja lilipendekezwa zamani kidogo. Mwaka 1972 Raymond Reiser na mwenzake, huko Texas, waliwachunguza panya na kutoa dhana kwamba kolesteroli katika maziwa ya mama humfundisha mtoto namna ya kuitawala kolesteroli maishani. Baadaye, katika miaka ya 1990, watafiti wa Houston waliwachunguza watoto wa binadamu na kuona kwamba mwili wa mtoto wa chupa hutengeneza kolesteroli yake wenyewe kwa kasi zaidi kuliko mwili wa mtoto wa titi. Yaani mtoto asipopewa kolesteroli kwa chakula, ini lake hufanya kazi zaidi ili kuziba pengo. Mwili unajua unachokihitaji.

Ningependa msomaji asivuke mpaka wa ushahidi hapa. Tofauti ya milimoli 0.18 ni ndogo, na akina mama wanaonyonyesha huweza kutofautiana na wengine kwa mambo mengi, kama vile elimu, kipato na uvutaji sigara. Kuanzia mwaka 1996, zaidi ya watoto 17,000 huko Belarus waliingizwa katika utafiti ambao baadhi ya hospitali, zilizochaguliwa kwa kura, zilipewa mafunzo ya kuwasaidia akina mama wanyonyeshe kwa muda mrefu zaidi. Watoto hao walipofika miaka 11 na nusu, makundi mawili hayo hayakutofautiana kwa shinikizo la damu, sukari wala unene. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba mtoto aliyenyonya titi amekingwa na ugonjwa wa moyo. Vilevile asije akakuambia kwamba mtoto wa chupa amehukumiwa kuupata.

Tunalojua kwa hakika ni kwamba kiwango cha juu cha kolesteroli kwa mtoto anayenyonya titi ndicho cha kawaida. Hakina madhara yanayojulikana. Tukikiita ugonjwa tutakuwa tunaliita titi la mama sumu.

Watengenezaji wenyewe wameanza kurudi nyuma. Wanapoondoa mafuta ya ng'ombe, huondoa pia utando mwembamba unaofunika kila tone la mafuta katika maziwa, utando wenye kolesteroli na mafuta mengine yapatikanayo katika ubongo. Mwaka 2014 watafiti wa Umea, Uswidi, walitoa matokeo ya watoto waliopewa maziwa ya mkebe yaliyorudishiwa utando huo. Kolesteroli ya watoto hao ilipanda ikakaribia ile ya watoto wa titi. Walipofika mwaka mmoja, walipata alama za juu kidogo katika vipimo vya akili kuliko wenzao waliopewa maziwa ya mkebe ya kawaida. Hiyo ni dalili nyingine kwamba kolesteroli ya chini si lengo la kufuatwa kwa mtoto mchanga.

Mawese na choo kigumu

Akina mama wengi wanaotumia chupa hulalamika kwamba mtoto anafunga choo. Mara nyingi mafuta yana mkono wao hapo. Nimesema kwamba mawese yana asidi ya palmitiki kama maziwa ya mama. Tofauti ni mahali inapokaa. Kila chembe ya mafuta ni kama reli yenye mabehewa matatu. Katika maziwa ya mama, palmitiki hukaa zaidi katika behewa la kati. Katika mawese hukaa katika mabehewa ya pembeni.

Vimeng'enya vya tumboni hukata mabehewa ya pembeni kwanza. Basi palmitiki ya mawese hubaki huru matumboni, hushikana na kalsiamu na kuwa kitu kama sabuni. Sabuni hiyo haiingii katika damu bali hutoka na choo. Choo huwa kigumu, na mtoto hupoteza mafuta kidogo na kalsiamu kidogo. Si jambo la kumtia mzazi hofu, kwa maana watoto wengi hukua vizuri wakitumia maziwa hayo. Lakini kama mtoto wako anateseka kwa choo kigumu, muulize daktari juu ya kubadili aina ya maziwa kabla ya kuanza kumpa dawa za dukani. Na kwanza hakikisha kwamba unapima unga na maji sawasawa.

Makosa yanayonitia wasiwasi

Katika kazi yangu, sijaona mtoto mchanga aliyedhuriwa na mafuta ya maziwa aliyopimiwa sawasawa. Niliowaona ni watoto waliodhuriwa kwa kunyimwa mafuta hayo. Makosa yenyewe ni haya.

La kwanza ni kuongeza maji. Maziwa ya mkebe ni ghali, na mkebe wa gramu 400 humalizika baada ya siku chache tu. Mzazi anayetaka ufike mwisho wa mwezi huanza kutia nusu ya vijiko vilivyoandikwa. Chupa inaonekana nyeupe kama kawaida na mtoto anashiba kwa muda. Lakini maziwa yaliyopaswa kuwa na gramu 3.5 za mafuta katika mililita 100 sasa yana gramu 1.75. Yule mtoto wa kilo tano anayekunywa mililita 750 atapata gramu 13 za mafuta badala ya 26, na protini na madini nayo yatakuwa yamekatwa nusu. Uzito wake utasimama, kisha utaanza kushuka. Maji yakizidi sana, chumvi ya damu hushuka na mtoto anaweza kupatwa na kifafa. Kosa la kinyume, yaani kuongeza unga ili anenepe upesi, nalo huumiza figo na kumfungisha choo.

La pili ni kumpa mtoto maziwa yaliyoondolewa mafuta. Maziwa hayo yametengenezewa watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe kama kinywaji chake cha kawaida, hata kama baba na mama yake wana kolesteroli ya juu. Vilevile maziwa ya unga ya kutilia chai si maziwa ya watoto wachanga, ingawa mikebe hukaa katika rafu moja dukani.

La tatu ni kumpa mtoto wa chini ya miezi sita maziwa ya ng'ombe ya kawaida. Damu ya mtoto huyo ukiipima utaikuta na kolesteroli ya juu kama ya mtoto wa titi, na mtu anaweza kudhani mambo ni mazuri. Lakini maziwa hayo yana linoleiki kidogo, madini ya chuma kidogo, na protini na chumvi nyingi kupita uwezo wa figo zake. Namba moja ya damu haiwezi kukuambia kama chakula ni kizuri. Baada ya miezi sita, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 unakubali maziwa ya wanyama kwa mtoto asiyenyonya, lakini pamoja na vyakula vingine, hasa vyenye chuma.

La nne ni kutia siagi ya mkate au mafuta ya kupikia ndani ya chupa ili kurutubisha maziwa. Usifanye hivyo. Mafuta hayo hayachanganyiki na maziwa, huelea juu, na yanaweza kumharisha mtoto. Anapoanza kula uji na vyakula laini akiwa na miezi sita, hapo ndipo kijiko kidogo cha mafuta, parachichi au njugu zilizosagwa zikawa laini kabisa huwa msaada mkubwa, kwa maana uji mtupu hujaza tumbo bila kutia nguvu.

Namna ya kusoma mkebe

Kama unatumia maziwa ya mkebe kwa sababu yoyote ile, usione aibu, bali uyatumie vyema. Hakikisha yameandikwa kuwa ni ya umri wa mtoto wako, kuanzia kuzaliwa hadi miezi sita, au baada ya miezi sita. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Tafuta orodha ya mafuta. Ukikuta mchanganyiko wa mafuta kadhaa, hilo ni jambo la kawaida. Ukikuta herufi DHA na ARA, jua kwamba ni mafuta ya ubongo na macho, ambayo yamo kwa asili katika maziwa ya mama. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha DHA itiwe katika maziwa yote ya watoto wachanga tangu mwaka 2020.

Usinunue kwa sababu ya bei kubwa wala maneno matamu. Bidhaa zinazotimiza kanuni hazitofautiani sana katika mambo ya msingi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayosimamia maziwa yanayotumiwa badala ya maziwa ya mama inakataza bidhaa hizi kutangazwa kwa umma. Kwa hiyo mtu yeyote anayekupa mkebe wa bure hospitalini au kukusifia aina fulani, mtilie shaka.

Kumbuka pia kwamba unga huo si safi kabisa kutoka kiwandani. WHO inashauri uchanganywe na maji yaliyochemka na ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kisha chupa ipozwe kabla ya kumpa mtoto.

Mama anayerudi kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo. Watoto wengi mjini hupewa chupa kwa mara ya kwanza likizo hiyo inapokaribia kwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa chini ya miezi sita nchini hunyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2008-09 walikuwa asilimia 32 tu. Tumepiga hatua, lakini wengi bado hukatizwa njiani.

Kurudi kazini si lazima kuwe mwisho wa kunyonyesha. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa saa nne katika chumba kisicho na joto kali, na siku nne ndani ya friji. Utaona mafuta yakipanda juu na kuwa tabaka. Hayajaharibika. Mwambie yaya azungushe chupa polepole yachanganyike, asiyamwage wala asiyaengue, kwa maana hiyo malai ndiyo nguvu ya mtoto. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Choo cha ofisi si mahali hapo.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mafuta huongezeka kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya. Maziwa ya mwanzo ni mepesi, ya mwisho ni mazito. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Chakula cha mama nacho huonekana katika maziwa. Mama anayekula samaki, iwe ni omena au wa baharini, huongeza DHA katika maziwa yake. Lakini kiwango cha kolesteroli katika maziwa hakibadiliki sana kwa chakula cha mama, kwa hiyo mama asiache kula mayai kwa kumhofia mtoto.

Nani apimwe damu?

Mtoto mchanga mwenye afya hana haja ya kupimwa kolesteroli. Wako wachache tu wanaohitaji uangalizi. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao huifanya kolesteroli ya LDL iwe juu sana tangu utotoni. Humpata mtu mmoja katika kila 250 hadi 300 hivi. Kama katika ukoo wenu kuna watu walioshikwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55 kwa wanaume au 60 kwa wanawake, au kama mzazi mmoja ana kolesteroli ya juu sana, mweleze daktari wa mtoto. Hata hapo, mtoto hupimwa akishapita umri wa uchanga, na hakatazwi titi.

Kwa wengine wote, kipimo bora cha kama mtoto anapata mafuta ya kutosha hakihitaji sindano. Ni mizani ya kliniki na ile kadi ya ukuaji mnayopewa. Mpeleke kila mwezi, uangalie kama mstari unapanda. Ukisimama kwa miezi miwili, au mtoto akiwa na choo cheupe, au chenye mafuta yanayong'aa na kunuka vibaya, au macho yake yakibaki manjano baada ya wiki mbili, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Hizo ni dalili kwamba mafuta hayasagwi au ini lina tatizo, na daktari anapaswa kumwona siku hiyo hiyo.

Wewe mzazi uliyeambiwa kolesteroli yako iko juu, punguza chapati, chipsi na nyama ya kuchoma, na utembee kwa miguu unapoweza. Hayo ni ya kwako. Usimtwishe mtoto wa miezi mitatu.